Bi Glenys, Msomaji wa Kadi za Mkononi

Glenys Prosser alikuwa na kiti chake cha kukunja, na kiti hicho kilikuwa na mahali pake: upande wa kushoto wa geti la shamba la Hallowfield, hatua kumi kabla ya kizimba cha kamba ambamo wapanda farasi husubiri kuhesabiwa sekunde ili waondoke. Kwa miaka ishirini na tisa, kila Jumamosi ya pili ya Mei, hakuna aliyeingia kizimbani bila kupita mbele ya kiti hicho. Walipita wakulima, madaktari wa mifugo, wanajeshi wastaafu, mabinti wa matajiri, na mwaka mmoja alipita mtu aliyesemekana kuwa na undugu na ukoo wa kifalme wa nchi fulani ya baridi. Wote waliambiwa neno lile lile.

"Mkono."

Wakatoa mkono. Juu kidogo ya kiwiko, nje ya nguo zote, kila mpanda farasi hufunga kimfuko chenye kidirisha cha plastiki, na ndani yake hukaa kadi ya afya: jina lako, maradhi yako, dawa inayokudhuru, mara ya mwisho uliyoanguka na kichwa, na mtu wa kupigiwa simu. Glenys alikifungua kila kimfuko, akaitoa kadi, akaisoma yote, akairudisha. Akimaliza anakugonga begani mara mbili na kukwambia nenda ukajivunje. Wageni walishtuka. Sisi wa bondeni tulijua kwamba hiyo ndiyo dua yake.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda farasi na wala hana hamu. Alikuwa mpeleka barua miaka thelathini na minne, kwa baiskeli na kisha kwa gari jekundu, na maishani mwake amesoma majina mengi kuliko padri. Alizijua hati za watu wote wa bonde lile. Bahasha ikitokea bila jina la mtumaji, yeye angeweza kukwambia imetoka kwa nani na kama mtumaji alikuwa na hasira alipokuwa akiandika. Alipoombwa kusaidia kwenye mashindano aliuliza swali moja tu, kama kuna kazi ya kukaa na kusoma. Ilikuwepo.

Mashindano yenyewe ni ya siku moja na farasi hufanya mambo matatu. Asubuhi anatembea kwa madaha mbele ya majaji, na aliye juu yake amevaa koti jeusi, tai nyeupe na pini ya dhahabu, utadhani wanakwenda harusini. Kisha anaruka vizuizi vya miti iliyopakwa rangi. Mwisho anapelekwa mashambani, mbio za magogo, mitaro na bwawa, na hapo nguo za harusi zinavuliwa. Pini ya tai inatoka, maana ukianguka itakuingia kooni. Kofia yenye ukingo mgumu wa mbele inatoka, inavaliwa ile ya mviringo. Kinga ya kifua inafungwa, namba kubwa inaning'inizwa kifuani na mgongoni, na juu ya kofia kila mtu anavalisha kitambaa cha hariri cha rangi anazozipenda. Utamkuta meneja wa benki, mtu mzima mwenye mvi, kichwani ana zambarau na nyota za njano, na hakuna anayecheka.

Glenys hakuanza kufungua vimfuko siku ya kwanza. Ulikuwa mwaka wake wa pili ndipo kijana mmoja alipoanguka mtaroni, mbele ya macho yake. Namba ya kifuani ilisema ni Duncan. Kipaza sauti kikasema Duncan. Glenys akapiga magoti kwenye tope, akamshika mkono, akaita Duncan, Duncan mwanangu, fumbua macho, na kijana hakufumbua, maana hakuwa Duncan. Alikuwa rafiki yake. Duncan alikuwa ameumwa tumbo asubuhi, akamwazima kila kitu, farasi, namba, koti hadi kimfuko. Walipokifungua kile kimfuko walikuta ubani wa kutafuna na tiketi ya bahati nasibu ya kanisa. Kwa saa nzima mama yake Duncan alilia hemani huku mama wa yule aliyeanguka akila aiskrimu hatua ishirini kutoka hapo, akiuliza watu ni nani yule maskini aliyeanguka. Kijana alipona, leo anauza matairi ya trekta na ana tumbo kubwa. Lakini Glenys hakujisamehe. Alikuwa amemshika mtu mkono akamwita jina lisilo lake.

Basi mwaka uliofuata akaanza kufungua.

Mwezi Machi wa mwaka tunaouzungumzia, Aubrey Tennant alibisha hodi kwa mlango wa jikoni. Aubrey ndiye mwenye shamba la Hallowfield na ndiye mwenye mashindano. Glenys alimjua tangu akiwa mtoto wa miaka minane anayekimbilia baiskeli ya posta kuuliza kama kuna kifurushi chake. Sasa alikuwa mwanamume wa hamsini na nane, aliyefiwa na mke miaka miwili iliyopita, na bado alikuwa akishindana kwa jike lake la rangi ya kahawia, ingawa tangu msiba alishindana kwenye mashamba ya wengine tu. Ivor, mume wa Glenys, alikuwa mezani akipaka siagi kwenye mkate wa zabibu. Akaongeza kipande cha tatu bila kuambiwa.

"Glenys, nimekuja kwa amani."

"Mtu wa amani haanzi hivyo. Kaa."

Akakaa. "Mwaka jana wapanda farasi saba walichelewa kuondoka. Saba! Nimeletewa barua."

"Ngapi?"

"Nne."

"Basi watatu hawakuona shida."

Ivor akakohoa ndani ya kikombe chake. Aubrey hakucheka. "Mwaka huu tazama kwa macho tu. Kofia imekaguliwa, ina utepe wa mwaka huu? Kinga imefungwa? Kimfuko kipo mkononi? Basi, aende zake. Usifungue."

"Na kilichomo?"

"Kilichomo ni cha mtu mwenyewe!" Alisema kwa ukali uliozidi jambo lenyewe, naye akalitambua, akashusha sauti. "Ni watu wazima, Glenys. Ukichelewesha watu tena kwa kusoma, itabidi geti nimpe mtu mwingine. Sipendi kusema hivi nikila mkate wako."

"Kula tu. Mkate hauna kosa."

Alipoondoka, Ivor alimgeukia mkewe. "Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Hujajibu."

"Na wewe umeniuliza ukiwa unajua."

Ukweli ni kwamba lile geti lilikuwa kitu chake. Pensheni alikuwa nayo, mume alikuwa naye, bustani ya maharage alikuwa nayo. Lakini siku ile moja ya Mei ndiyo iliyokuwa imebaki ambayo mtu mwingine asingeweza kuifanya jinsi alivyoifanya yeye, na alikuwa hataki kuinyang'anywa. Aliwaza hivyo waziwazi akiosha vikombe, na akaona vibaya kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Siku ikafika, jua la kusitasita na upepo. Glenys alivaa reflekta yake ya njano, kizibao cha wasimamizi, akafungua kiti, akaiweka kalamu ya risasi kwenye kamba shingoni na rundo la kadi tupu mfukoni, maana mazoea ni mazoea. Ivor akamletea chai na kwenda kukaa garini na gazeti.

Asubuhi ile alikuwa mtiifu hadi watu wakadhani anaumwa. Aligusa kofia, akatazama utepe, akavuta mikanda ya kinga, akahakikisha kwamba kimfuko kipo.

"Pini, baba, toa pini," alimwambia mzee mmoja wa farasi mweupe. "Unataka kuzikwa na tai?"

"Bi Prosser, nilisahau."

"Na hizo pembe za waridi kofiani umezisahau pia?"

"Hizo ni za binti yangu. Nimeshindwa dau."

"Nenda ukajivunje."

Kila kimfuko alichokiacha bila kukifungua kilimkereketa. Alikaa na mikono mapajani, vidole vinacheza vyenyewe.

Saa tano na nusu akaja Tamsin Goodall, miaka kumi na tisa, juu ya farasi mrefu asiyetulia. Kofia sawa, utepe sawa, kinga sawa, kimfuko kipo. Ila kwenye ukingo wa kimfuko palikuwa na herufi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, V. Kina Goodall ni mabinti wawili, Tamsin na Verity, na mama yao huwavalisha wote wawili nyuma ya gari moja, mkono huu huku, mkono ule kule, kama mtu anayefunga vifurushi.

Glenys akaitazama ile herufi. Akatazama kule hemani alikosimama Aubrey na redio yake ya upepo. Akasema, "Mkono."

Ndani mlikuwa na kadi ya Verity, mwenye pumu, asiyedhuriwa na dawa yoyote. "Na wewe, Tamsin, penisilini inakufanyaje?"

Binti akapauka. "Navimba koo."

"Umesikia mwenyewe. Shika kalamu."

Dakika nne zikapita binti akiandika juu ya tandiko, farasi akizunguka, Glenys akizunguka naye. Zamu yake ikampita. Mama akaja mbio akipiga kelele kwamba mwaka huu walihakikishiwa mambo hayo yamekwisha, na kwamba mtoto amefanya mazoezi majira yote ya baridi ili azuiwe na mwanamke mwenye kiti. Glenys akampa kadi ya Verity mkononi. Mama akaisoma. Kelele zikapungua, ila hazikuisha, maana mtu akishaanza si rahisi kusimama. Tamsin akaondoka nafasi mbili baada ya zamu yake, akamaliza salama bila kosa.

Aubrey akaja baadaye kwa miguu, uso umemwiva kwa upepo.

"Nimesikia kwenye redio."

"Kadi ilikuwa ya dada yake."

"Najua. Sawa. Hiyo nimeielewa." Akavua kofia, akaivaa tena. "Lakini tumeshapata malalamiko. Glenys, huyo ndiye wa mwisho. Ukifungua kingine, niachie reflekta hapo kitini, nitamleta mtu. Usinifanye niseme mara ya tatu."

"Mara mbili zinatosha. Nimesikia."

Mchana akala sandwichi za yai pamoja na Ivor. Ivor akammegea kipande kikubwa cha keki.

Kundi la alasiri lilianza saa nane. Kama saa tisa hivi, miongoni mwa waliokuwa wakija taratibu kuelekea getini, Glenys akaiona hariri ya kijani na mstari mweupe ambayo bonde zima linaijua. Aubrey mwenyewe, namba themanini na nane. Redio alikuwa amemwachia mtu. Jike lake lilikuwa limetulia, yeye hakuwa ametulia.

Glenys akainuka. Kofia, sawa. Utepe, wa mwaka huu. Kinga, imefungwa sawasawa. Kimfuko kilikuwepo, cha bluu iliyofifia, ukanda wake umechakaa. Na kwenye kidirisha cha plastiki kadi ilionekana ina rangi ya waridi.

Hakuhitaji kukifungua ili ajue. Kadi za waridi ziliondolewa miaka miwili iliyopita, sasa ni nyeupe, na kwenye karatasi ya masharti aliyoisaini Aubrey mwenyewe imeandikwa kwamba kadi ya zamani haikubaliki. Nyuma yake farasi watatu walisubiri, na waliowapanda wakitazama. Angeweza kumgonga begani mara mbili. Tajiri angeondoka, geti lingebaki lake hadi miguu imkatae.

Akaivua reflekta, akaikunja vizuri, akaiweka kitini.

"Mkono, Aubrey."

"Glenys, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikifungua kingine, niiweke reflekta kitini. Nimeshaiweka. Sasa leta mkono."

"Imebaki dakika tatu."

"Basi usizipoteze kubishana na mimi."

Nyuma mtu akacheka. Aubrey hakutoa mkono, ila hakuuondoa pia. Glenys akafungua ule ukanda, akaitoa kadi, na kabla hajasoma neno alijua hati ni ya nani. Herufi ndefu, zimelala mbio kuelekea kulia. Alikuwa amezibeba miaka ishirini, kadi za Krismasi, barua za shukrani, barua kali kwa halmashauri kuhusu barabara. Ilikuwa hati ya Roz, mke wa Aubrey.

Jina: Aubrey James Tennant. Dawa zinazomdhuru: hakuna. Vitu vingine vinavyomdhuru: ushauri, na viazi vyekundu vya saladi. Aliwahi kuumia kichwa: ndiyo, tangu kuzaliwa. Apigiwe nani: Roz, mke. Na namba ya simu ya jikoni kwao.

Glenys akaisoma yote, kama alivyosoma zote, kisha akabaki ameishika. Sasa akaelewa ule ukali wa mwezi Machi. Mtu huyu miaka miwili alikuwa akiruka magogo huku mkononi amefunga karatasi inayosema kuna mtu nyumbani, na alikuwa ameandika sheria mpya ya geti zima ili mtu asimwambie kwamba hayupo. Akamwonea uchungu. Akamkasirikia pia kidogo, maana kwa ajili yake wengine wangepita na ubani wa kutafuna.

"Wewe kichwa chako tangu kuzaliwa," alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

Aubrey akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Aliandika hivyo akiwa kwenye gari. Nilimwambia si mzaha. Akasema niandike mwenyewe basi. Sikuandika." Akafuta pua kwa glavu. "Nikiandika mpya, Glenys, hii nitaitupa wapi?"

"Nani amekwambia utupe? Hii inakaa nyuma. Mpya inakaa mbele. Kimfuko kina nafasi." Akamtolea kadi nyeupe, akaivua kalamu shingoni. "Andika. Dakika mbili."

Akaandika juu ya goti. Jina. Dawa, hakuna. Kichwa, akasita, akaandika mwaka. Akafika kwenye mstari wa mtu wa kupigiwa simu, kalamu ikasimama.

"Binti yako," Glenys alisema.

"Yuko Nyuzilandi. Saa hizi kwao ni saa nane za usiku. Wamwamshe mtoto wamwambie baba yake yuko mtaroni, afanye nini?"

"Basi andika yangu."

Akamtazama kutoka juu ya farasi.

"Mimi niko hapa hapa getini," alisema Glenys. "Na kama nimeshafukuzwa, niko kwenye gari na Ivor, tunakula keki. Utaniona nakuja."

"Simu yako huwa haijawashwa."

"Andika na ya Ivor."

Akaandika zote mbili. "Hapa wanauliza uhusiano. Niandike nini?"

"Andika mpeleka barua."

Akaandika hivyo hivyo. Glenys akaisoma kadi mpya toka juu hadi chini, akaipuliza risasi isipakaze, akaitia ile ya waridi nyuma na nyeupe mbele, akaufunga ukanda na kuuvuta mara ya pili. Akamgonga begani. Akamgonga tena.

"Nenda ukajivunje."

Mwenye saa kizimbani alikuwa ameshapaza sauti kwamba namba themanini na nane amechelewa dakika moja na nusu, na kwamba amuulize mwenye mashindano kama anaruhusu. Watu wakacheka kweli. Akahesabiwa, akaondoka, jike likakata nyasi kuelekea gogo la kwanza.

Glenys hakwenda kwenye gari. Alisimama kando ya kiti, reflekta imekunjwa mbele yake, na hakuwagusa wale watatu waliokuwa wakisubiri. Yule wa mbele alinyoosha mkono kwa mazoea, akauacha hewani. Ivor akaja na kusimama karibu yake. Walisikiliza kipaza sauti. Themanini na nane, salama kizuizi cha nne. Salama mtaroni. Salama bwawani. Ivor alikuwa ameitoa simu mfukoni na kuishika mkononi. Alikuwa ameiwasha.

Dakika sita baadaye Aubrey alitokea juu ya kilima, jike linatembea hatamu zimelegezwa, tope hadi kofiani, hariri ya kijani imegeuka upande. Akapita palipo na maji bila kusimama, akaja moja kwa moja getini. Akaitazama ile reflekta kitini, kisha akawatazama waliojipanga, walikuwa wameshafika sita.

"Mbona wamesimama hawa?"

"Hawana wa kuwakagua," Glenys alisema.

"Vaa hiyo, basi. Tunachelewa."

Hakuigusa. "Niwatazame, au niwafungue?"

Aubrey akaushika mkono wake wa juu, pale kwenye kimfuko, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake kipo.

"Wafungue wote," alisema. "Na Duncan yupo wa nne pale. Anza naye."

Glenys akavaa reflekta, akafunga zipu hadi kidevuni, akampita wa kwanza, wa pili na wa tatu. Duncan, mwenye mvi sasa, alikuwa ameshaunyoosha mkono kabla hajaambiwa.